Simba wa Juu ya Mlango

Telč, Septemba

Kaka Vratislav,

Plamu zimekauka vizuri, nitakutumia mfuko. Lakini wewe una wazimu?

Mafundi uliowatuma wamepaka chokaa ukuta wote wa mbele. Picha zilizochorwa kwa kukwaruza lipu miaka mia nne iliyopita zimefunikwa, hata simba wa juu ya mlango. "Bosi kasema wanunuzi wanataka nyumba safi," wananijibu. Safi! Kwani simba alikuwa uchafu?

Sikukuandikia kwamba Mama siku hizi anasahau. Ila akitoka kanisani alikuwa akimwona simba, akimsalimu kama alivyozoea tangu aolewe, kisha akaingia. Jana nilimkuta amesimama mbele ya mlango wetu, analia.

"Bohumila, nipeleke nyumbani."

Haya, njoo umpeleke wewe.

Dada yako,
Bohumila