Yaliyoandikwa Mkononi

Jumatatu, 12 Mei

Nimejiandika mkononi kwa kalamu ya biki kabla ya chai: funga mlango, zima makaa, bahasha ya vyeti. Mlango nimefunga. Makaa nimezima. Bahasha nimeiacha mezani. Nimeikumbuka nikiwa tayari karibu na soko la mtaa wa Kenya, nikarudi nyumbani Katuba kwa miguu, na nilipofika ofisini walikuwa wameshafunga orodha ya wanaoomba kazi.

Zamani aliyeniandikia ni Naomi, binti yangu. Kila asubuhi kabla ya shule alinishika mkono wa kushoto na kuandika kwa herufi kubwa. Ana miaka tisa na hati yake inaipita yangu mbali. Tangu Pasaka yuko Likasi kwa Tantine Odette, dada ya marehemu mume wangu. Alimchukua kwa likizo tu, hakumrudisha. Sikupigana. Nilikuwa nimefukuzwa kazi mwezi mmoja kabla, na mara mbili nilimsahau mtoto shuleni hadi mlinzi akampigia Tantine simu.

"Utafute kazi kwanza, uishike muzuri. Njo mutoto atarudia."

Tantine hakusema hivyo kwa ubaya. Angekuwa mbaya ningejua la kumjibu.

Alhamisi, 15 Mei

Niandike mara moja yaishe. Miaka minne nilikuwa kwenye maabara ya mgodi. Napokea vifuko vya mawe yaliyosagwa, navibandika namba. Chumba kimya. Vifuko vyote sura moja. Nilichanganya namba mara tatu. Mara ya tatu kulikuwa na mtu nje anapaka rangi uzio, nikamtazama. Nilimtazama muda gani sijui. Wakanipa barua.

Nilikuwa na karatasi ya daktari. Herufi nne za Kifaransa, TDAH. Akili isiyotulia mahali pamoja, alinieleza, umezaliwa nayo, si uvivu. Mkuu wangu aliisoma, akaikunja, akanirudishia. Akasema sote tuna vichwa.

Jumatano, 21 Mei

Nilipata ukatibu kwenye shule moja ya msingi. Siku tatu. Kuchapa orodha za wanafunzi. Watoto wawili wamepotea kwenye orodha na mmoja ameandikwa mara mbili. Mkurugenzi ameniaga kwa upole, amenishika hata mkono. Nimechoka na watu wapole wanaonifukuza.

Jumamosi, 24 Mei

Sikutoka. Sikula. Najichukia.

Jumatano, 28 Mei

Jirani yangu amenipeleka kwa Mama Kapinga, mwenye mgahawa nyuma ya maegesho ya makamyo. Msichana wake wa jikoni ameolewa. Nilikwenda kwa aibu. Mimi na diploma yangu, kumenya vitunguu.

Saa sita madereva wakaingia wote pamoja, wanatoka mpakani Mokambo, wana njaa, wanapiga kelele. Mmoja anataka bukari, ugali wetu, na samaki, mwingine sombe ya majani ya muhogo bila pilipili, mwingine amebadilisha mawazo. Mafuta yanaunguruma, redio inaimba, maji yanachemka. Na kichwa changu kikatulia. Sijui niseme vipi. Kimetulia kabisa. Nilijua kila sahani inakwenda kwa nani, bila kuandika popote. Mama Kapinga alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Weye, siku zote ulikuwaka wapi?"

Nimelia nyuma ya magunia ya makaa. Kwa furaha, kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Ijumaa, 6 Juni

Wiki ya pili na sijafukuzwa. Mikono imeungua mahali pawili. Jioni naosha sufuria, na kila nilichojiandika asubuhi kinaondoka na sabuni. Haidhuru. Jikoni biki siihitaji, kitu chenyewe kinanikumbusha: kikiungua kinanuka.

Nimempigia Tantine. Nimemwambia nina kazi. Akasema nije tarehe 22, siku ya komunio ya kwanza ya Naomi. Baada ya misa tutakaa mezani, tuzungumze habari ya mtoto kurudi Lubumbashi shule zikifungwa.

Kurudi. Amelitaja neno hilo mwenyewe.

Jumapili, 15 Juni

Naomi kwenye simu. Amenieleza gauni, mshumaa, viatu vinavyombana. Kisha sauti ikashuka.

"Mama, usichelewe. Nitakuachia nafasi ku banc ya mbele."

Benchi ya mbele kanisani. Nimemwapia. Nimesafisha chumba. Nimefua shuka zake zilizokuwa safi tayari.

Jumamosi, 21 Juni

Kitenge kimepigwa pasi. Basi ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, linaondokea ng'ambo ya mgahawa. Misa saa nne. Nimetega simu ilie mara tatu. Nimeandika mkononi, herufi kubwa: BASI.

Kuna watu wenye msiba wameagiza chakula cha kesho. Mama Kapinga hakuniomba. Mimi ndiye niliyesema nitapita saa kumi na moja niweke maharage motoni, nusu saa tu, kisha nivuke barabara.

Jumapili, 22 Juni

Siwezi kuandika.

Jumanne, 24 Juni

Niliweka maharage. Baridi ilikuwa kali, moto ukakataa, nikauhangaikia. Nikaona vitunguu havijakatwa. Nikakata. Nikaona mchele haujachaguliwa. Nikachagua. Simu ilikuwa kwenye kikapu, chini ya kitenge kilichopigwa pasi, na redio ikiimba. Niliosha masufuria mawili makubwa. Kila kitu kilikwenda vizuri. Nilikuwa na raha, Mungu wangu, nilikuwa naimba.

Mama Kapinga aliingia akaniuliza, "Na weye, Likasi haukuenda?" Jua lilikuwa limefika kwenye kizingiti. Saa tatu na nusu. Nilitazama mkono wangu. Mtupu, hakuna hata alama.

Nilipanda basi na aproni yangu. Nilifika kwa Tantine wakati wanaondoa sahani mezani. Nanuka moshi, na watoto wengine wote bado wamevaa nyeupe. Naomi alikuwa ameshavua gauni. Alinisalimu kwa adabu, kama anavyomsalimu mgeni. Tantine alinipa kiti na chakula. Baadaye uani akaniambia polepole:

"Mutoto alikatala kuingia. Bengine boote baliingia, yeye anaangalia tu barabara. Ilibidi padri amushike mukono."

Sikusema TDAH. Sikusema si uvivu. Ningemwambia nani?

Mambo ya kurudi hayakutajwa.

Jumatano, 25 Juni

Sikwenda kazini. Nachukia jikoni. Nachukia moto, nachukia vitunguu. Kazi pekee duniani iliyokubali kichwa changu imekimeza chote, na haikumwachia mwanangu hata kipande. Au si kazi, ni mimi. Ni mimi.

Alhamisi, 3 Julai

Tantine amepiga simu. Naomi ataanza mwaka mpya wa shule kule kule. Ameshaandikishwa. "Atakuyaka kwako ku likizo, tutaona," kisha akauliza kama nakula. Nikasema ndiyo, asante, Tantine. Nimekata simu nikakaa chini sakafuni, palepale.

Nimerudi kazini. Mama Kapinga alinisogezea kisu.

Jumapili, 20 Julai

Likasi. Jana usiku nililala kwa jirani ili aniamshe, na ameniamsha. Nimefika mapema hadi nikamkuta Tantine anafagia.

Naomi ameongezeka kimo. Tumekaa kwenye ngazi, tumemenya karanga. Ameniuliza naanza kazi saa ngapi, nikamwambia saa kumi na moja alfajiri; akauliza kama ni kweli nawajua madereva kwa vyakula vyao. Nikamwambia yule wa njia ya Kasomeno hali samaki, anasema samaki humtazama. Amecheka kidogo. Nilitaka kuomba msamaha na nilikuwa nimejifunza maneno yake njia nzima. Yote yamenitoka. Nimesema tu, "Nilichelewa, mama yangu." Akasema, "Najua."

Saa ya basi ilipofika amekimbia ndani. Nilidhani hataki kuniaga. Akatoka na biki. Akanishika mkono wa kushoto, akaandika taratibu, ulimi ukichungulia kama zamani, akatia mstari chini yake. Halafu akarudi ndani.

Nilisoma ndani ya basi. KESHO KAZI, SAA KUMI NA MOJA. USISAHAU.

Jumatatu, 21 Julai

Nimeamka kwa wakati. Nimefunga mlango, nimezima makaa. Madereva walikuwa wengi. Sombe iliisha mapema.

Jioni nimeosha masufuria yote kwa mkono mmoja, wa kushoto nimeuinua juu ya maji.