Mama Aliponiita, Niliitika

Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

Kwako Dada Mapendo,

Pole, dada, kwa msiba wa mama yetu, na mimi nipe pole yangu hata kama huna hamu ya kunipa. Watoto wanapata usingizi? Mguu wa shemeji unaendeleaje? Sisi huku tu wazima wa mwili, maharage yametoa maua, ila moyo wangu umevunjika.

Nilipokupigia kutoka Kakoba, kule Mbarara, ulisema nilimnyima mama sauti yangu, ukakata. Basi naandika. Barua utaisoma hata ukiwa na hasira.

Hapa Juru intaneti yetu ni ya mtambo mmoja wa dukani, wote tunavuta hapo hapo. Tulikubaliana kwamba mwenye mgonjwa nyumbani akipigiwa, wengine wazime. Tukatii kidogo. Kisha mmoja akaacha simu mfukoni inapakua video ya mpira, wa pili akamwona, na kila mtu akajiambia: nikizima peke yangu, mjinga ni mimi. Si watu wabaya, dada. Ndio hao hao walionisaidia kupalilia.

Siku ulipomwekea mama simu sikioni, niliwaomba wazime. Wote wakasema ndiyo, asizime hata mmoja. Nikamshika mkono Mama Neema, jirani yangu, aliyekuwa akimtumia mwanawe video ya kwaya. Akasema, "Miye nikizima, bale bengine batazima? Kila mutu iko na batu yake."

Sauti ya mama ilinifikia. Yangu ndiyo haikumfikia, mtandao ulikuwa umelemewa. Aliniita, "Riziki," nikaitika, "Karame," kama alivyotulea: mzazi akikuita humjibu "nini", unamtakia aishi. Akaita tena. Nikaitika kwa nguvu hadi watu dukani wakageuka. Ndipo akakuuliza kama nipo kwenye simu, "Huyu mutoto haiko fasi ile?" Nawe ukamjibu, "Iko, mama. Ananyamaza tu."

Nilikusikia, dada.

Barua hii unaletewa na mchuuzi wa vitenge, mpe maji ya kunywa. Msalimie shemeji, na shangazi aliyemwosha mama, mwambie namshukuru kwa machozi.

Watu wananishauri nikuombe uende kaburini ukaitike kwa niaba yangu. Sitaki. Aliyekwisha kuzikwa utamwambiaje aishi? Lakini wewe ungali hai, na wewe ni mkubwa wangu. Kila siku ya soko niko Kakoba, mtandao wa pale unashika. Niite, dada, hata kwa hasira.

Mdogo wako,
Riziki