Jino Lako Lililobaki Paani

Mwaka umetimia, Pantaleo, tangu ulipotutoka Desemba ya 1954, mvua zilipokata njia tukashindwa kukuleta nyumbani Kharumwa. Ulizikwa ng'ambo ya ziwa, karibu na hospitali, na wa kwenu alikuwepo mmoja tu, kaka yako Herman. Mkeo Nyamizi alikuwa huku akimuuguza mama. Mpaka leo hajaliona kaburi lako.

Ulikuwa mtu wa mzaha. Ukija likizo kutoka mgodini Geita, majirani walisikia kicheko chako kabla hawajakuona. Ulimletea mama sukari, ukambeba binti yako Mbuke mabegani hata alipokuwa mkubwa wa kuona haya, na jioni ulikaa kwenye kigoda chako ukinoa jembe la yeyote aliyekuomba. Kigoda hicho Nyamizi hakuruhusu mtu akikalie tena.

Jino lilikutesa muda mrefu. Ulitafunia upande mmoja, ukisema jino si ugonjwa wa kumpeleka mtu kwa daktari. Mwishowe rafiki yako Masele akaling'oa kwa koleo. Nawe, mtu mzima na ndevu zako, ukalirusha juu ya paa la nyasi kama watoto wafanyavyo, ukadai upewe jipya. Nyamizi alicheka mpaka akashika mbavu. Hatujamsikia akicheka hivyo tena.

Maumivu yalikwisha, nasi tukadhani mambo yameishia hapo. Homa ilipokuja wote tulisema ni malaria, ukameza kwinini. Ikashuka, ikarudi, ukakonda, ukawa unahema kwa hatua chache za kwenda uani. Ndipo Herman akakupeleka hospitali, na ndiye aliyerudi na maneno ya daktari.

"Wadudu wa ugonjwa huu wamo vinywani mwetu sote, wala hawatudhuru. Kwake walipitia kwenye jino bovu wakaingia katika damu, wakaukuta moyo uliokwisha kuumia, wakafanya makao humo."

Mama alikumbuka homa ya viungo iliyokulaza ulipokuwa mdogo. Hakuna aliyejua kwamba ilikuachia jeraha moyoni. Sindano za penisilini ulichomwa, lakini ulikuwa umechelewa.

Masele akaacha kufika kwetu. Nyamizi naye akawa mtu wa kujifungia. Paa lilivuja msimu mzima, na kila aliyejitolea kuliezeka alimkatalia bila kueleza sababu. Alihamisha kitanda huku na huku kukwepa maji. Tulimwona mkaidi, tukamwacha na upweke wake.

Mwezi uliopita Masele alikuja na mzigo wa nyasi kichwani, akasimama uani. Nyamizi alimtazama sana, kisha akamwambia apande. Kila tita la nyasi kuukuu lililoshuka alilichambua kwa mikono yake, mpaka jino likaonekana.

"Ndilo lililomuua, shemeji," Masele alisema, machozi yakimtoka.

"Najua," Nyamizi alijibu. "Na ndilo pekee nililobakiwa nalo."

Masele alichimba shimo dogo nyuma ya nyumba, mama akasali, tukalifukia. Nyumba haivuji tena. Na jioni, kazi zikiisha, Nyamizi huchukua kigoda chako, akakiweka pale tulipolifukia jino, akakikalia.

Wanaokukumbuka ni mama yako Bernadina, mkeo Nyamizi, binti yako Mbuke, kaka yako Herman, na Masele.

Hatutakusahau, Pantaleo, maadamu tungali hai.