Boriti Sitini

Helena, nimejifungia stoo ya ofisi. Aibu niliyoipata leo!

Unakumbuka oda ya miti ya kujengea kibanda cha kitalu? Niliandika "boriti sitini". Kwetu Njombe boriti ni mti wowote wa kuezekea!

Leo Inasio, yule muuza miti, kaleta mzigo. Ni mikoko, Helena. Mikoko mibichi, ina matope bado. Shirika letu la kulinda mikoko limenunua mikoko!

Namuuliza, ananishangaa: "Dada Happy, huku boriti ni mkoko. Ungetaka miti ya shambani ungeandika mirunda."

Nikakimbilia kwa bosi. Kasoma oda, kasema, "Kaleta ulichoandika. Saini."

Nimesaini. Helena, nimesaini!

Na hakuna aliyewahi kuuliza inakatwa wapi. Hata mimi. Tuliuliza itafika lini, basi.

Kugeuka, mama Carlota wa kikundi cha wapandaji mikoko yuko getini na ndoo ya miche. Yule niliyemfokea mwezi uliopita kwa kukata mkoko mmoja wa kuni. Kautazama mzigo weee, kisha kanitazama mimi.

"Kumbe tunawapandia ninyi."

Kaniwekea ndoo miguuni, kaondoka. Ninayo humu stoo.