Shubiri na Maji ya Bahla

Mama, shikamoo. Hapo Ibra hamjambo?

Tumefika Bahla nimechoka hoi. Shubiri uliyonambia ya kumwachisha mwanangu Nasri nimeipaka kifuani, na tangu jana kalikataa ziwa, lakini hata maji hataki, analia tu. Wifi yangu Rahma, mwenye mtihani kesho chuoni Nizwa, njiani alikuwa akisoma kwa sauti habari za Wagiriki wa kale, waliojiuliza vitu vyote asili yake nini. Wa kwanza alisema maji, mwengine hewa, mwengine moto. Mume wangu akasema, "Huyo wa moto kapita Bahla kiangazi hichi!" Rahma akamtazama mwanangu: "Na huyu angeulizwa, angesema ziwa la mama."

Tulisimama kwa mfinyanzi kupumzika; pana mtungi umetundikwa kivulini, maji yake baridi. Mkewe akamtilia Nasri kwenye kikombe cha udongo. Alikunywa chote, akataka tena, kisha akalala begani kwangu bila ya kunitafuta kifuani. Saa hiyo nilikuwa naiombea, mama, na ilipofika nililia mimi.

Rahma akifaulu nitamuuliza na mimi nianzie wapi kusoma. Mungu akuweke. Nibusie Baba mkono.

Mwanao, Zuwena