Hakuna Aliyeniuliza Nimekuja kwa Nani

Jumamosi, 8 Machi

Nimefika. Miguu imevimba kama mito.

Njia nzima nilikuwa nakariri jibu. Dada yangu aliyesafiri zamani aliniambia mpakani watakuuliza umekuja kwa nani, ujibu bila kutetemeka. Basi nikakariri: nimekuja kumpokea mjukuu wangu. Nikavaa na gauni la heshima. Nafika — mashine! Ikanikodolea macho, ikawaka kijani, kageti kakafunguka. Hata salamu hakuna. Ng'ombe mnadani walau hupapaswa mgongo.

Mwanangu Chiriku kanipokea na tumbo hilo, anatembea kama bata. Kaninong'oneza, mama ukiwepo chumba cha kujifungulia sitaogopa. Mimba ya kwanza ilimtoka akiwa peke yake. Safari hii sibanduki.

Jumapili, 9 Machi

Wamenipa simu mpya. Nikiitazama tu inafunguka. Nikasema kumbe inanijua! Chiriku kacheka, eti inakujua kuliko marehemu baba. Mtoto hana adabu huyu.

Simu hiyo hiyo ndiyo ufunguo wa mlango, ndiyo nauli ya basi, ndiyo inayonisemea lugha yao. Tena inamwonyesha mkwe, mume wa Chiriku, nilipo. Mbuzi wa kamba nimekuwa.

Nilimsalimu mwuza matunda kwa simu. Nimesema maneno mengi ya upole, yenyewe ikatema mawili. Mwenzangu akaitazama simu. Mimi hakunitazama.

Jumanne, 11 Machi

Aibu!! Mchana nimejinyoosha kwenye kochi, usingizi ukanipitia. Mara dari inaongea: Mama, shuka imeanguka, utapata baridi. Mkwe! Na yuko kazini! Mkwe kuniona mapaja!

Tena kasema kwa huruma kabisa, ndicho kinachoniudhi zaidi. Nimepanda kiti, nikavua kilemba, nikakifunika hicho kijicho chao.

Jioni akaniambia pole pole, Mama, ile kamera ni kwa usalama wako. Nikamjibu, baba, usalama wangu ni kusitirika. Chiriku akanikonyeza ninyamaze. Mdomo umenyamaza. Moyo wapi.

Jumatano, 12 Machi

Naandika hapa kwenye ngazi, nikisubiri jibu.

Asubuhi wao wamekwenda kliniki. Nikasema leo natembea bila kufuatwa. Nikaizima simu. Kwetu ile yangu huwa naizima kila siku, chaji isiishe, wala haijawahi kuninunia. Nikazunguka mtaa, nikatazama mapazia ya watu. Raha!

Kurudi, naiwasha, naitazama — haifunguki. Inataka namba ya siri. Namba gani tena? Jana si ulinijua? Namba aliiweka Chiriku.

Nimegonga mlango, nimegonga. Ukaongea. Mkwe tena! Mama, ulikuwa wapi? Tumekupigia mpaka tumechoka. Uchungu umeanza kliniki, tumekimbilia hospitali. Anakuita wewe tu.

Anakuita wewe tu. Nami nilikuwa natazama mapazia!

Nikamwambia muulize Chiriku namba. Eti ameulizwa, amemtukana kila mtu. Basi niambie njia, nije. Eti utapotea Mama, huna simu. Ingia ndani upumzike, nakufungulia kutoka huku, mtoto akizaliwa utamwona kwenye televisheni.

Mlango ukafunguka, kwa heshima zote. Sikuingia. Nimepanda ndege, nimevimba miguu, nije kutazama televisheni?

Nikaanza kulia, sifichi. Jirani wa mkabala akatoka na ufagio wake — mtu mzima mwenzangu, mvi tupu. Akaniuliza kitu. Sikuelewa hata neno. Nikamjibu lile jibu langu la mpakani, mkono tumboni: nimekuja kumpokea mjukuu wangu. Akanitazama. Mimi, usoni. Akaweka ufagio, akaingia kwake, akatoka na koti na funguo za gari. Funguo za chuma!

Mlango huo: Mama, usiende na mtu usiyemjua!

Nikasema, baba, wewe unaniona hadi usingizini. Basi mwambie huyu mama hospitali ni ipi. Mwambie kwa lugha yao, anakusikia.



Nimeuliza tena. Eti Mama ngoja kwanza, nafikiria.

Anafikiria! Bibi wa watu amesimama, funguo zinalia mkononi, ananitazama mimi, anatazama mlango. Na nyuma ya sauti ya mkwe, kwa mbali, huko huko mlangoni, namsikia mwanangu analia mama —