Isale Chini ya Televisheni

Mdogo wangu mpendwa,

Jana walionyesha shimo lenu. Ni kile kipindi cha maafa cha Jumapili, kila wiki na msiba wake: leo moto, kesho meli, mara majambazi. Baba hakikosi. Akitoka misa kule Uru anateremka mpaka kwangu Mabogini, anavua kofia na kukaa mbele kabisa.

Unakumbuka alivyokufukuza? Kahawa haikuwa na bei tena, ukaing'oa mibuni yake ukapanda nyanya. Akasema usikanyage kihamba chake, shamba la ukoo. Wewe, kitindamimba, mrithi wa nyumba ile! Hata mimi nilikukasirikia. Mibuni ile tuliichuma pamoja, wewe ukimung'unya zile nyekundu na kunitemea mbegu kikapuni.

Kisha ukaja kwangu na jani la isale, la kuombea msamaha, umelipiga fundo. Hakuna mzee wa Kichagga anayelikataa.

"Dada, mpelekee Baba," ulisema. "Akilipokea nitumie neno, nirudi nyumbani. Kwa sasa naenda machimboni."

Nililiweka kwenye droo ya kabati, chini ya televisheni. Nikasema moyoni, acha mdogo wangu akome kidogo, nitalipeleka Krismasi. Ukasubiri neno langu. Mvua ikatangulia Krismasi, maji yakajaa shimoni.

Jana niliona kamba, pampu, na wanawake wamekaa juu ya udongo. Mtangazaji akasema wengine hawakutolewa kamwe. Baba hakulia.

"Mwanangu alikufa na kiburi chake," alisema. "Angeniletea isale tu, ningemkataa? Ningemfuata huko huko kwa miguu."

Goti langu lilikuwa linagusa ile droo. Nikamuuliza kama nimwongezee chai.

Nashindwa, mdogo wangu. Nikimwambia kwamba ulimwomba, nitamwambia pia nani alikunyima. Najidai namhurumia uzee wake, kumbe naogopa tu. Jani lenyewe limekauka, ukiligusa linapukutika. Nami nikitaka kukuomba msamaha, isale nitaipanda wapi? Huna hata kaburi mgombani, tunakozika watu wetu.

Wametangaza kwamba Jumapili ijayo watarudia kipindi chenu. Baba amesema atawahi.

"Labda sikuangalia vizuri," aliniambia mlangoni. "Labda yumo."

Lala, mdogo wangu, hapo hapo majini nilipokuacha.

Dada yako,
aliyelikalia jani lako.